Mshahara wa kwanza: soma slipu kabla ya kusaini mkopo

Ajira mpya za walimu na wahudumu wa afya zinapotangazwa, kata kama Itiryo, huku wilayani Tarime karibu na mpaka wa Kenya, hupokea sura mpya. Kijana anashuka na begi, godoro na barua ya kupangiwa kituo. Wapo wanaorudi nyumbani kwao, wapo wanaotoka mbali na hawajui hata neno moja la Kikurya. Mwezi wa kwanza anaishi kwa kukopa dukani, kwa sababu mshahara hauanzi kulipwa mpaka taarifa zake ziingie kwenye mfumo wa malipo ya Serikali. Kisha siku moja simu inalia, ujumbe wa benki umeingia. Haichukui muda mrefu anajitokeza ofisa mikopo na kumwambia neno tamu: "Mwalimu, wewe unakopesheka."

Makala haya yanahusu neno hilo. Tumeona tuliandike badala ya kulisema hewani tu, maana hesabu ikipita redioni haishikiki, na hapa utaweza kurudi nyuma na kuisoma tena ukiwa na kalamu mkononi. Tunatumia mfano wa mwalimu, lakini muuguzi, ofisa kilimo na mtendaji wa kijiji hesabu yao inafanana.

Tuanze na slipu yenyewe

Tuseme mshahara wako wa msingi ni shilingi 700,000 kwa mwezi. Hii ni namba ya mfano, tumeichagua kwa sababu inagawanyika kirahisi. Kijana wengi wao huanza kupanga matumizi kwa hiyo 700,000, na hapo ndipo hesabu ya kwanza inapoharibika, kwani fedha hiyo hutaiona.

Mstari wa kwanza wa makato ni PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, uliozaliwa mwaka 2018 baada ya kuunganishwa mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Wewe unakatwa 5%, yaani 35,000. Mwajiri anaongeza 15% juu yake, ambayo ni 105,000. Kila mwezi, basi, kuna 140,000 inayowekwa kwa jina lako. Ni akiba kubwa kuliko ambayo vijana wengi wangeiweka kwa hiari yao, ingawa huwezi kuigusa leo. Kazi yako ni kuhakikisha michango inaingia kweli na jina lako limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Herufi moja iliyokosewa leo inaweza kukuletea safari nyingi za ofisini ukiwa na miaka 60.

Mstari wa pili ni kodi ya mapato, ile watumishi wanayoiita PAYE. Inakatwa baada ya kutoa mchango wa pensheni, kwa hiyo inahesabiwa kwenye 665,000. Sehemu ya mshahara mpaka 270,000 haina kodi. Kutoka hapo mpaka 520,000 kodi ni 8%, ambayo ni 20,000. Kinachozidi 520,000, mpaka 760,000, kinatozwa 20%. Kwetu kilichozidi ni 145,000, kodi yake 29,000. Jumla 49,000.

Bima ya afya, NHIF, ni 3%: shilingi 21,000, na mwajiri analipa kiasi kama hicho. Tutarudi kwenye mstari huu, una faida ambayo vijana wengi wasio na familia wanaiacha imelala.

Kisha kuna Bodi ya Mikopo, HESLB, kwa waliosoma kwa mkopo wa Serikali. Ni 15% ya mshahara wa msingi: shilingi 105,000. Huu ndio mstari unaouma zaidi. Afadhali kidogo ni kwamba ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikifanya deni likue hata unapolipa, iliondolewa mwaka 2021. Siku hizi deni lina mwisho unaoonekana. Aliyesomeshwa kwa ada ya mzazi hana mstari huu, na ana nafuu ya zaidi ya laki moja kwa mwezi kuliko mwenzake wa ofisi hiyo hiyo.

Mwisho kuna ada ya chama cha wafanyakazi. Tuchukue 2%, ambayo ni 14,000.

Jumlisha: 35,000, 49,000, 21,000, 105,000 na 14,000. Zimekwenda 224,000. Kinachobaki ni 476,000. Hiyo ndiyo fedha yako. Iandike nyuma ya daftari la maandalio ya somo kama huna pa kuandika.

Sheria inakuachia theluthi, lakini theluthi si matumizi

Sasa turudi kwa yule aliyesema unakopesheka. Amejuaje? Ameangalia kanuni moja: makato yote ya mtumishi, ukijumlisha mikopo, hayatakiwi kumwacha na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Theluthi ya 700,000 ni 233,333. Wewe sasa unabaki na 476,000. Kwa hiyo, kwa hesabu ya benki, kuna karibu 242,600 kila mwezi "iliyo wazi", ambayo inaweza kugeuzwa kuwa rejesho.

Watu wengi wanadhani kanuni ya theluthi ndiyo kipimo cha mkopo salama. Sivyo. Kanuni hiyo iliwekwa ili mtumishi asiende nyumbani mikono mitupu. Haijui kama una mtoto mchanga, kama unapanga chumba au unakaa nyumba ya shule, wala haijui bei ya debe la mahindi mwezi wa tano. Ni kama kamba iliyofungwa ukingoni mwa korongo: inakuzuia usianguke, haikuonyeshi njia ya kwenda shambani.

Tuone kamba hiyo inakuruhusu kwenda mpaka wapi. Chukua riba ya mfano ya 16% kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye deni linalobaki, na muda wa miaka 7. Rejesho la 242,600 kwa mwezi linakupa mkopo wa karibu 12,200,000. Kijana wa miaka 25, ambaye hajawahi kushika milioni moja ya kwake, anaambiwa anaweza kupata milioni 12 wiki hii. Nani asingetetemeka? Lakini zidisha 242,600 kwa miezi 84. Utarudisha zaidi ya 20,300,000, na kwa miaka hiyo yote saba utaishi kwa 233,000 kwa mwezi, labda mshahara upande. Ukimaliza una miaka 32.

Hatusemi mkopo ni mbaya. Kuna nyumba nyingi za bati huku kwetu zilizosimama kwa mkopo wa mshahara, na zingesubiri akiba zisingesimama. Tunachosema ni kwamba maamuzi mengine ya fedha unaweza kuyabadilisha mwezi ujao, lakini hili moja linakushika miaka. Simu ya bei mbaya utaiuza kwa hasara na kusahau. Mkopo wa miaka saba hauuzwi.

Muda ndio unaoficha gharama. Mkopo wa 5,000,000 kwa riba hiyo hiyo ya 16%, ukiulipa kwa miaka 5, rejesho ni karibu 121,600 kwa mwezi na jumla utalipa takriban 7,300,000. Ukiuvuta mpaka miaka 7, rejesho linashuka mpaka 99,300, unajisikia nafuu ya 22,000 hivi kila mwezi. Jumla sasa ni 8,340,000. Ile nafuu imekugharimu zaidi ya milioni moja.

Na kuna mtego mwingine ambao watumishi wanaujua kwa jina la topapu, yaani kuongezewa mkopo juu ya mkopo kabla hujaumaliza wa kwanza. Kwenye huo mkopo wa miaka 7, ukishalipa miaka miwili umetoa mfukoni karibu 2,383,000. Unafikiri deni limebaki milioni mbili na nusu. Hapana. Limebaki karibu 4,084,000. Limepungua kwa 916,000 tu, kwa sababu miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya rejesho inaliwa na riba. Ukichukua topapu hapo, saa inarudishwa nyuma na unaanza tena kulipa riba ile ya mwanzo. Wapo watumishi wanaostaafu wakiwa hawajawahi kupitisha hata mwaka mmoja bila deni la benki, na mara nyingi hakukuwa na janga lolote, ni topapu juu ya topapu.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, muulize ofisa mikopo mambo haya, na mwombe akuandikie kwa karatasi: jumla yote nitakayorudisha ni kiasi gani mpaka rejesho la mwisho? Bima ya mkopo na ada vinakatwa mwanzoni, kwa hiyo mkononi napokea ngapi hasa? Nikitaka kulipa mapema kuna adhabu? Riba inahesabiwa kwenye deni linalopungua au kwenye mkopo wa mwanzo siku zote? Hili la mwisho ni zito kuliko linavyosikika. Riba ya 16% inayohesabiwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, hata ukiwa umeshalipa nusu, ni ghali zaidi kwa mbali. Siku hizi maombi ya mikopo ya watumishi yanapita kwenye mfumo wa ESS, unaweza kujaza ukiwa umekaa chini ya mwembe. Urahisi huo ni mzuri, ila umeondoa ile safari ya Tarime mjini iliyokuwa inampa mtu saa mbili za kufikiri upya akiwa njiani.

Kipimo chetu ni hiki, na ni maoni yetu, si sheria: kabla ya kukopa, jiwekee mwenyewe rejesho hilo kwa miezi mitatu. Kama unataka mkopo wa rejesho la 121,600, basi kila mshahara ukiingia hamisha 121,600 kwenye akaunti nyingine usiyotembea na kadi yake. Ukifika mwezi wa tatu hujaigusa, unaweza kulipa. Na ukiwa umeigusa mara mbili, umejifunza jambo hilo bure, huku fedha ikiwa bado ni yako.

Ukishafika kwenye theluthi, anayefuata ni kausha damu

Mtumishi aliyekopa mpaka mwisho wa theluthi hana pa kwenda mambo yakiharibika. Mtoto akilazwa, benki haiwezi kumpa kitu, slipu imejaa. Ndipo anapokutana na mikopo ambayo nchi nzima inaiita kausha damu.

Hesabu yake haina shule. Mtu anakukopesha 200,000, unarudisha 260,000 mwisho wa mwezi. Ukishindwa, unalipa "riba tu", 60,000, na laki mbili inabaki palepale. Miezi sita baadaye umelipa 360,000 na bado unadaiwa 200,000. Linganisha na ukomo uliowekwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wenye leseni wasiopokea amana: riba isizidi 3.5% kwa mwezi. Kwa laki mbili ni shilingi 7,000. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, hata kama anakaa mtaa wenu na mnasali pamoja. Una haki ya kumwambia akuonyeshe.

Kwa walimu, dhamana inayopendwa na wakopeshaji wa namna hii ni kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, mkopeshaji ndiye wa kwanza kuujua. Anatoa chake, anakurushia kilichobaki kwa simu. Mwalimu mzima anasubiri kurushiwa mshahara wake mwenyewe kama mtoto anayesubiri hela ya daftari. Jambo hili limekuwa likizungumzwa na viongozi wa walimu kwa miaka, na bado lipo, kwa sababu aibu inawafanya waliokwama wanyamaze.

Mikopo ya kwenye programu za simu ni ndugu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali na kuzipiga marufuku. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kabla ya kukupa fedha inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako. Ukichelewa, mkuu wa shule, mchungaji na mama mkwe wote wanapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Na huku kwetu mpakani kuna jambo la ziada. Wengi wana laini mbili, ya Tanzania na ya Kenya, kwa sababu ya soko la Sirari na ndugu wa upande wa pili. Ukikopa kwa laini ya Kenya, unadaiwa kwa shilingi ya Kenya huku unalipwa ya Tanzania, na ukidhulumiwa Benki Kuu ya Dodoma na Dar es Salaam haina mkono huko.

Huduma kama Songesha, zile zinazokuongezea salio unapotuma fedha, ni halali. Zitumie kama kiberiti: njiti moja, na uzime. Ada yake hukua kadri siku zinavyopita.

Nyumbani wanasubiri nini

Hapa ndipo hesabu za vitabu vya fedha zinaposhindwa, kwa sababu nyingi zimeandikwa kana kwamba mtu alijisomesha peke yake. Kijana wa Itiryo aliyefika chuo kikuu mara nyingi nyuma yake kuna ng'ombe waliouzwa, shamba la kahawa au ndizi lililobeba ada, na dada aliyeacha shule ili yeye aendelee. Hilo ni deni, na halina karatasi. Kumwambia kijana "jilipe wewe kwanza, ndugu baadaye" ni ushauri ambao hawezi kurudi nao nyumbani.

Lakini deni lisilo na namba nalo linaua. Akitoa kila anapoombwa, anayeomba kwa sauti kubwa ndiye anapata, na mama asiyependa kusumbua hapati kitu. Tunaona bora kiasi cha nyumbani kijulikane na kiwe na tarehe. Kwa 476,000 yetu ya mfano, 60,000 inayokwenda kila tarehe 25 bila kukosa inajenga heshima kuliko 150,000 ya mwezi wa kwanza na kimya cha miezi minne. Kaa na baba au mjomba, fungua slipu kwenye simu, mwonyeshe mstari kwa mstari. Wazee wetu wanajua hesabu za mifugo vizuri sana. Mzee akiona 15% ya Bodi ya Mikopo, ataelewa kwamba kuna ng'ombe anayenyonywa na ndama wa mwingine.

Na hapa ndipo ule mstari wa NHIF unapoingia. Mchango wako wa 3% haukulindi wewe peke yako. Mwanachama anaweza kuandikisha mwenza wake na wategemezi mpaka wanne, na wazazi wamo kwenye orodha ya wategemezi wanaokubalika, sambamba na watoto. Kijana ambaye hajaoa wala kuolewa ana nafasi tupu anazozilipia kila mwezi. Mwandikishe mama, mwandikishe baba, leo, kabla watoto hawajazijaza. Simu nyingi za usiku za kuomba fedha ni za hospitali. Kadi haitafuta gharama zote, nauli na baadhi ya dawa utalipa, lakini itaondoa zile zinazomsukuma mtu kwa kausha damu saa nne usiku. Fomu zinapita kwa mwajiri, uwe na vyeti vya kuzaliwa na picha.

Mdogo wako anayeomba mtaji wa bodaboda au wa kuuza mahindi, kabla hujamkopea kwa jina lako, mwelekeze halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri imetengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4% wanawake, 4% vijana, 2% watu wenye ulemavu. Inatolewa kwa vikundi, kwa hiyo itabidi atafute wenzake na waanzie kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Ni njia ndefu. Lakini wewe kumchukulia mkopo wa mshahara ni kuweka miaka mitano ya slipu yako mikononi mwa mtu ambaye hasaini popote.

Bado mahari. Kwetu Wakurya mahari ni ng'ombe, na kijana mwenye ajira anatajiwa idadi yenye kumtazama usoni. Wapo wanaokimbilia benki ili walipe wote kwa mkupuo. Mura, fikiri kwanza. Ng'ombe uliyemnunua kwa mkopo ameshatoka zizini kwenda ukweni, na wewe unaendelea kumlipia mpaka mtoto wako wa kwanza aanze shule. Aliye na miaka miwili mitatu mbele yake anaweza kuanza na mtamba mmoja, amweke kwa baba, na mwaka unaofuata mwingine. Mtamba huzaa. Anaweza kufa au kuibwa pia, na wizi wa mifugo si hadithi ngeni Tarime, kwa hiyo usiweke kila kitu zizini. Wazee wa pande zote mbili hukaa na kukubaliana, na kijana anayekwenda na ng'ombe wachache wa kweli na mpango unaoeleweka hasikilizwi vibaya.

Fedha ndogo inakaa wapi

Kwa 476,000, ukiondoa chakula, nyumbani, vocha na usafiri, huenda unaweza kubakiza 50,000. Wengi wanaidharau. Ndiyo hiyo hiyo itakayokuzuia kukopa vibaya.

VICOBA ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu wenzako wanakusubiri Jumapili na utaona aibu kutofika. Riba mnayolipana inabaki kwenye kikundi na mwisho wa mwaka mnagawana. Sheria ile ya 2018 inavitambua vikundi hivi na kuvitaka visajiliwe kupitia halmashauri. Ulizia usajili, ulizia kitabu, ulizia funguo za sanduku ziko kwa watu wangapi. Kikundi kinachokusanya mamilioni na sanduku likalala kwa mtu mmoja kinajaribu uaminifu wa binadamu bila sababu.

Benki inafaa kwa fedha ya dharura. Amana zako zinalindwa na Bodi ya Bima ya Amana mpaka 7,500,000 kwa kila mwenye amana kwenye benki moja, iwapo benki itafungwa. Hazizai sana, lakini zipo. Anayetaka faida kidogo zaidi na anaweza kusubiri siku chache kuitoa, kuna vipande vya UTT AMIS, ambavyo siku hizi vinanunuliwa kwa simu. Mfuko wa Ukwasi ndio unaowafaa wanaoanza. Hati fungani za Serikali ni za baadaye, ukishafikisha walau 1,000,000 usiyoihitaji kwa miaka mingi.

Na usidharau ghala. Mtumishi anayekaa vijijini ana nafasi ambayo mwenzake wa mjini hana: yuko karibu na mahindi yanapovunwa. Magunia matano yaliyonunuliwa wakati wa mavuno, yakakaushwa vizuri na kuwekwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kwanza ni chakula chako. Yakibaki, ndiyo biashara. Fanya kwa fedha yako, si ya mkopo, kwa maana bei ya mahindi haijui tarehe ya rejesho lako.

Siku deni la HESLB litakapoisha, ile 105,000 itarudi kwenye mshahara wako. Benki itaiona kabla yako. Ofisa mikopo atapiga simu kukupongeza. Ukiwa umeishi miaka yote hiyo bila fedha hiyo, unaweza kuishi mwaka mmoja zaidi bila kuiona: weka maagizo benki ihamishwe moja kwa moja kwenye akiba kuanzia mwezi wa kwanza. Mwaka mmoja ni 1,260,000. Fuatilia pia kwamba makato yamesimama kweli. Yasipositishwa, omba taarifa ya deni HESLB, na fedha iliyozidi idai kwa barua.

Kwa aliyekwishaweka kadi rehani, anza na benki kabla ya mkopeshaji. Kadi ni mali ya benki na namba ya siri ni yako peke yako. Nenda tawini Tarime na kitambulisho, funga ile kadi, chukua mpya yenye namba mpya. Halafu nenda kwa mkopeshaji na shahidi, ukiwa na orodha ya kila ulicholipa na tarehe zake. Deni halisi utalilipa, hilo usilikimbie. Kinachojadiliwa ni riba, na anayekopesha bila leseni hana hamu ya kujadili riba yake mbele ya mtendaji wa kata. Kama anakutishia, nenda polisi na ujumbe wa vitisho ukiwa bado umo kwenye simu.